Vibali vya kazi Dubai kwa wafanyakazi wanne kutoka Dar: eneo huru, kampuni ya bara, au mwajiri wa kukodi?

Muuza Vitambaa, Kariakoo
Ndugu wanachama, habari za kazi. Baada ya miaka mingi ya kununua mizigo Dubai kwa safari za wiki mbili mbili, kampuni yetu imeamua kufungua tawi huko huko, nami ningependa kuwahamishia wafanyakazi wanne ninaowaamini: mhasibu, msimamizi wa ghala na wauzaji wawili. Njia nilizoelezwa ni tatu: kusajili kampuni ndani ya eneo huru la biashara, kusajili kampuni ya bara, yaani iliyo nje ya maeneo hayo huru, au kutumia kampuni ya kule itakayowaajiri kwa niaba yetu. Eneo huru limenivutia kwa bei, kwa kuwa leseni, meza ya ofisi na vibali vya ukaazi vinauzwa kwa pamoja. Naomba ulinganisho kwa upande wa vibali tu. Suala la kodi nimeshalipeleka kwa mshauri.

Dada wa Ajira, Sharjah
Kaka, kabla ya bei, angalia kila mmoja wa hao wanne atakuwa anasimama wapi saa nne asubuhi. Kibali cha eneo huru hutolewa na mamlaka ya eneo hilo kwa kazi za humo, ilhali cha bara hutolewa na wizara inayosimamia kazi. Msimamizi wa ghala lililoko ndani ya eneo huru la Jebel Ali anakaa vizuri chini ya eneo huru. Muuzaji anayepima vitambaa dukani Deira, ambako ni bara, hakai, hata kama kibali chake ni halali na hakijaisha muda. Mwaka 2025 Dubai iliweka utaratibu wa kampuni za maeneo huru kuomba ruhusa maalumu ya kufanya shughuli bara, lakini usipange biashara juu ya ruhusa ambayo hujaipata. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2024 inamtoza mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali faini ya kuanzia dirham 100,000 hadi 1,000,000.

Kwa bara, mfanyakazi husaini kwanza barua ya ofa akiwa bado Dar, ndipo kibali cha kuingia kitolewe. Akishafika hupimwa damu na kupigwa picha ya kifua, hutoa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho, hukatiwa bima ya afya, kisha hupata ukaazi, ambao kwa kawaida ni wa miaka miwili. Na usiogope habari ya zamani ya kumpa mwenyeji asilimia 51, kwani tangu Juni 2021 mgeni anaweza kumiliki kampuni ya bara peke yake katika shughuli nyingi.

Wakala wa Mizigo, Temeke
Naongezea jambo lililoniumiza. Nilimtanguliza mhasibu wangu kwa viza ya matembezi, nikiamini kwamba tutaibadilisha akiwa kule. Kubadilisha kunawezekana, lakini shahada yake haikuwa na mihuri. Kwa nafasi ya kitaaluma kama hiyo, cheti kinatakiwa kithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje hapa nyumbani, kisha na ubalozi wa Falme za Kiarabu, na mwishowe na wizara yao ya mambo ya nje. Cheti kilirudi Dar kwa mkono wa msafiri, na kijana alikaa wiki sita katika chumba cha kupanga mtaa wa Naif, haruhusiwi kugusa hata daftari la mauzo, nami nikimlipia kodi na chakula. Shughulikia mihuri kabla hujakata tiketi.

Mama Mwenye Duka, Deira
Mwajiri wa kukodi anafaa kwa anayejaribu soko kwa miezi michache, kwa sababu huhitaji kuwa na leseni. Hata hivyo, mwajiri wa wafanyakazi wako kisheria atakuwa yeye, mishahara itapitia kwake, nawe utamlipa ada kila mwezi kwa kila kichwa. Mwanangu, yeyote utakayemchagua, muulize waziwazi pasipoti zitakaa wapi. Sheria ya kazi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kuzishikilia, na inamkataza pia kumkata mfanyakazi gharama za kumleta. Nimewaona vijana wetu wakikatwa viza kwenye mshahara miezi minane mfululizo, wakidhani ndiyo desturi ya huku.

Muuza Vitambaa, Kariakoo
Shikamoo Mama, na ahsanteni nyote. Duka tunalolifuatilia liko Deira na ghala liko Ras Al Khor, kote bara, kwa hiyo eneo huru nimeliacha. Pasipoti zao watakaa nazo wenyewe, na gharama za viza ni za kampuni. Nitaliandika hilo kwenye barua za ofa. Je, duka dogo linaweza kubeba vibali vyote vinne?

Dada wa Ajira, Sharjah
Idadi ya vibali hufuata ukubwa wa eneo lililoandikwa kwenye mkataba wa pango uliosajiliwa. Kabla hujasaini, mpe wakala wa leseni vipimo vya duka na vya ghala, akuoneshe kwa maandishi idadi utakayopewa. Ikipungua, anza na mhasibu na muuzaji mmoja, na wale wengine wawili wabaki Kariakoo kwenye mshahara wao hadi utakapopanua pango.