ISO 100 ndani ya ukumbi wenye giza, na bado anataka nimshukuru!

Wakuu, nimetoka harusini sasa hivi na mikono yangu ingali inatetemeka kwa hasira. Yule mnayemjua nyote, ambaye ISO 100 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyoitikia mwanga) kwake ni nguzo ya dini, leo ameishika kamera yangu bila ruhusa na kuishusha ISO kutoka 1600 hadi 100 wakati bibi harusi anaingia mlangoni. Bibi harusi anaingia mlangoni! Kwa kuwa nilikuwa nimeiachia kamera ijichagulie spidi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, spidi hiyo ikaporomoka kutoka 1/250 hadi 1/15 ya sekunde, na uso wa bibi harusi ukatoka kama moshi wa kuni mbichi.

Sikatai kwamba ISO ya chini hutoa picha safi isiyo na chembechembe. Nikipiga mandhari, kamera ikiwa imetulia juu ya stendi, siitumii nyingine. Lakini nani atamwamuru bibi harusi asimame kama mlima? Nilipomwonyesha huyo mshika kamera picha hiyo, akatamka mbele ya wazazi wa bibi harusi: “Angalau haina chembechembe.” Haina chembechembe, na bibi harusi pia hayumo!

Mchangiaji wa 1: Pole sana. Mimi alinishauri nipige kwa ISO 100 picha itoke nyeusi, kisha niing'arishe kwenye kompyuta. Vivuli vyote vilijaa chembechembe kama mchanga, kwani chanzo chake kikubwa ni uhaba wa mwanga.

Mchangiaji wa 2: Kosa ni lako, mkuu. Mpiga picha gani asiyetazama spidi yake? Ungeifungua lenzi zaidi.

Mwanzisha uzi: Lenzi ilikuwa f/2.8, yaani tundu lake limefunguka lote, ndiyo mwisho wake! Nitazame spidi saa ngapi, na bibi harusi anaingia mlangoni?

Mchangiaji wa 3: Afadhali huyo wako. Mwenzangu alisahau ISO 6400 kwenye jua la mchana, shata ikafika ukomo wa spidi yake, na mawingu yote yakaungua yakawa meupe.

Mchangiaji wa 4: Mawingu si kitu. Mtu huyo anayesemwa hapa aliazima stendi yangu ili apige usiku kwa ISO 100, na hadi leo hajairudisha.

Mchangiaji wa 2: Kumbe na wewe? Yangu aliichukua kabla ya yako.

Mchangiaji wa 4: Yako ilikuwa na mguu mmoja unaolegea?