Naomba ushauri: niache ofisi niende Ujerumani kusomea historia ya usanifu majengo?

Habari wakuu. Mimi ni mbunifu majengo, nina shahada ya uzamili, nimeajiriwa Dar. Moyo wangu uko kwenye historia na nadharia ya usanifu wa Ujerumani wa karne ya 20: Bauhaus (ile shule ya sanaa na usanifu), nyumba za wafanyakazi za Frankfurt, ule mjadala wa kama nyumba inaweza kubadili maisha ya mtu. Nataka udaktari, kisha nifundishe chuo. Kijerumani changu ni B1, yaani kiwango cha kati. Nyumbani wanasema naacha mshahara kufuata majengo ya watu. Nianzie wapi?

MkaziWaWeimar: Dada, huku mara nyingi unaanza kwa kumpata profesa wa kukusimamia. Mwandikie ukiwa na swali lako kwenye kurasa chache. Halafu ongeza Kijerumani, B1 haitoshi kabisa. Barua nyingi za miaka ya 1920 hazijatafsiriwa, na nyingine ziko kwa mwandiko wa zamani unaowashinda hata Wajerumani wengi wa leo.

Mama Ramani: Umetaja Frankfurt ukamruka mbunifu Ernst May! Ndiye aliyeongoza ujenzi wa zile nyumba kuanzia 1925. Mwaka 1930 akaenda Urusi ya Kisovyeti, na 1934, Hitler akiwa ameshika Ujerumani, akaja kulima Tanganyika. Baadaye akafungua ofisi Nairobi. Oceanic Hotel ya Mombasa aliichora yeye, na miaka ya 1940 alipanga upanuzi wa Kampala. Sasa jiulize: mtu aliyepigania makazi bora ya mfanyakazi wa Frankfurt, alimpangia nini Mwafrika wa Kampala chini ya mkoloni? Hapo una Kijerumani cha nyaraka na Kiswahili cha kuwahoji wazee. Ningekuwa na umri wako ningeondoka kesho.

Fundi Mchundo: Aende, lakini ajue ajira ikoje. Sheria ya Ujerumani ya 2007 inaweka ukomo wa mikataba ya muda vyuoni: kwa kawaida miaka 6 kabla ya udaktari na 6 baada yake. Nafasi za uprofesa ni chache, na wengi huandika kazi kubwa ya pili, habilitation, ndipo wafikiriwe. Usajili wako wa bodi ya wabunifu majengo hapa nyumbani usiuache ufe. Na omba mapema ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo.

Mleta mada: Asanteni sana. Swali la Kampala nimelichukua, naanza kuliandika wiki hii. Kuna anayejua michoro ya mpango ule inatunzwa wapi Uganda?