Nyumba ya mnada wa benki Tabata: nikague nini kabla nyundo haijagongwa?

KitaluNamba7:
Wakuu, habari za leo. Leo Ijumaa nimeona tangazo gazetini la mnada wa hadhara. Nyumba ya vyumba vitatu, Tabata, Dar es Salaam, benki inauza baada ya mkopaji kushindwa kurejesha mkopo. Namba ya hati na kitalu vimetajwa. Masharti: robo ya bei papo hapo, salio ndani ya siku 14. Mnada ni Jumamosi ya wiki ijayo saa 4 asubuhi. Uwezo wangu ni milioni 80, na nyumba za mtaa ule zinauzwa 130 hadi 140. Nikague nini? Na kwa nini watu husema nyumba za mnada zina kesi?

MpekuziWaHati:
Mkuu, kesi yenyewe umeshaiandika hapo juu, ni hiyo milioni 80.

Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka benki itafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko ya nyumba zinazofanana nayo, inachukuliwa kwamba haikutimiza wajibu huo mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo. Kwa soko la milioni 130, mstari wa hiyo asilimia 25 uko kwenye milioni 97.5. Wewe uko chini yake kwa zaidi ya milioni 17. Kifungu cha 135 kinamlinda mnunuzi wa nia njema (asiyejua kasoro ya mauzo), lakini kulindwa maana yake utashinda kesi. Hakikuzuii kushtakiwa, na miaka ya kesi ni miaka ambayo huingii ndani wala hupangishi. Omba kuona ripoti ya mthamini, halafu ama panda mpaka juu ya mstari ama iache.

Pili, peleka namba ya hati kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi rasmi. Unatafuta mambo matatu: jina la mmiliki ni lile lililo kwenye tangazo? Rehani ya benki hiyo imesajiliwa? Kuna pingamizi au zuio la mahakama? Fanya upekuzi wa pili siku moja au mbili kabla ya mnada, maana mazuio huja dakika za mwisho.

NotisiSiku60:
Naongezea kwenye tarehe, maana hapo ndipo minada mingi inapoanguka.

Mkopaji lazima awe amepewa notisi ya siku 60 ya kutolipa, na siku zinahesabiwa tangu alipoipokea, siyo tangu ilipoandikwa. Iombe benki nakala yenye saini ya kupokea. Kisha Sheria ya Madalali inataka tangazo la siku zisizopungua 14 kabla ya kuuza ardhi. Kama tangazo la leo ndilo la kwanza, mpaka Jumamosi ijayo ni siku 8 tu! Tafuta magazeti ya nyuma. Ukikosa tangazo la mapema, usipeleke hela.

Halafu ndoa. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi pia. Fomu ya ridhaa iwepo kwenye faili. Ikiwa imeandikwa "sijaoa" na mtaa mzima unamjua mke wa mwenye nyumba, umeshajua kesi itafunguliwa na nani.

FundiRamani:
Nenda ukaione mchana, usiridhike na picha za dalali. Angalia ukuta wa mbele kwa ubavuni, jua likiwa la pembeni: alama ya X nyekundu ya bomoabomoa huonekana hata chini ya rangi mpya. Barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami, kwa hiyo beba futi. Mtoni au ufukweni ni mita 60. Ukikuta ukuta umeandikwa "HAIUZWI", kamuulize mjumbe wa shina kisa chake.

Uliza pia nani anaishi ndani. Benki inakuuzia haki, ufunguo ni shughuli nyingine. Wakigoma kutoka, usivunje kufuli wala kung'oa bati. Omba amri ya mahakama, dalali wa mahakama atekeleze.

MpekuziWaHati:
Gharama nje ya bei: ushuru wa stempu asilimia 1, malimbikizo ya pango la ardhi, ada za uhamisho na za wakili. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ila soma masharti ya mnada, mara nyingi inasukumwa kwa mnunuzi. Robo unayolipa siku ile (kwa bei ya 100 ni milioni 25) hupotea ukishindwa salio, na siku 14 hazitoshi kusubiri mkopo. Ilipe kwenye akaunti iliyotajwa kwenye masharti, usimkabidhi mtu mkononi.

KitaluNamba7:
Shukrani sana wakuu. Na ukiwa mnada wa mahakama, siyo wa benki?

NotisiSiku60:
Hapo unafuata Amri ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Robo unalipa palepale, salio ndani ya siku 15. Lakini mauzo hayajakamilika mpaka mahakama iyathibitishe. Mdaiwa anaweza kuweka mahakamani deni lote pamoja na asilimia 5 ya bei yako, mauzo yakafutwa. Unarudishiwa hela yako na hiyo asilimia 5 juu, ila ukarabati ulioanza mapema hakuna wa kukufidia. Subiri hati ya mauzo ya mahakama, ndipo umwite fundi.