Naomba ushauri: kubeba hela safari ya basi mpaka Livingstone

Hamjambo wapendwa, mie niko Majengo hapa Mombasa. Mwaka jana nilipanda basi Mwembe Tayari nikavuka Lunga Lunga hadi Tanga na Dar, usiku nalala gesti za bei poa, asubuhi chapati maharage, yaani raha siwaambii mpaka nikanogewa! Sasa nataka kushuka Mbeya, Tunduma, Lusaka hadi Livingstone nikaone yale maporomoko ya Victoria. Viza ya Zambia Mkenya hahitaji, kadi ya homa ya manjano ninayo. Shida ni hela, wale wabadilishaji wa mpakani walinikunjia noti, kuja kuhesabu ndani ya basi elfu ishirini ya Tanzania hamna!! Nyie mwabebaje, keshi ama kadi? Na begi moja la mgongoni latosha kweli, maana mama ashaanza habari za mahamri ya njiani