Mafundi AC wa magari Dar: mnatuuzia gesi, hamtengenezi kitu!

Wakuu, heshima kwenu.

Hii tabia imenifika shingoni. Unapeleka gari la zamani, fundi anafungua boneti, anagusa bomba kwa kidole, anasema "gesi imeisha bosi, tujaze." Gesi ya AC haiishi kama petroli! Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, ipo sehemu inavuja: mpira wa kiungio umekauka, kondensa (rejeta ya AC iliyoko mbele) imetobolewa na kokoto, sili ya kompresa inayosukuma gesi imechoka, au koili ya nyuma ya deshibodi imeoza. Fundi asiyetafuta hapo ameuza gesi tu.

Langu ni Corolla 110. Kila nikijaza, baridi inadumu siku chache, nikirudi naambiwa imeisha tena. Hakuna aliyetafuta uvujaji kwa presha ya naitrojeni. Hakuna hata aliyepaka povu la sabuni kwenye viungio! Na doa la mafuta lililoshika vumbi lilikuwa palepale kwenye kondensa, linaonekana kwa macho.

Pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu kabla ya kujaza, ndiyo kabisa hawana. Wanafungulia gesi juu ya hewa iliyoingia, hewa ya Dar yenye unyevu wote huu. Unyevu ukibaki ndani unazaa tindikali, na mwingine unaganda barafu kwenye tundu dogo la ekspansheni valvu. Stika chini ya boneti inataja gesi kwa gramu, wao wanajaza mpaka bomba litoe jasho. Oili nayo inatoka pamoja na gesi na hakuna anayeirudisha. Sasa kompresa inalia, na fundi yuleyule ananituma nikanunue nyingine ya mtumba kwa hela yangu!

Halafu hita. Ilianza kuvuja kwa sababu gari hizi hujazwa maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) mpaka kutu inakula kila kitu. Fundi akakata mipira miwili inayoleta maji ya moto ya injini kwenye hita, akaiunganisha, hita ikabaki pambo. "Dar joto hili, hita ya nini?" Hakuuliza gari linakwenda wapi.

Mwezi wa saba nikaenda Njombe na familia. Tulipoipita Makambako, ukungu na manyunyu, kioo cha mbele kikaziba kwa ndani. Hita hakuna, AC ya kukausha hewa hakuna. Mke wangu anafuta kioo kwa kitenge, malori yanatujia uso kwa uso, watoto wanatetemeka nyuma. Tungeweza kufa pale kwa ajili ya vipande viwili vya mpira.

Kwa hiyo nauliza, na sitaki kusikia habari ya kujaza gesi: ni fundi gani hapa Dar ana naitrojeni na pampu ya vakyumu, anabadilisha draya (chujio linalonyonya unyevu) akifungua mfumo, na yuko tayari kushusha deshibodi anirudishie hita yangu? Taja eneo lake, kesho asubuhi nampelekea gari.