Mpelelezi anayefuma: ufundi wake ubebe kesi au uwe pambo tu?

Mfumaji_Moro

Habari zenu wakuu. Wapenzi wa riwaya za upelelezi, naomba mnisaidie, hili swali linaninyima usingizi.

Mimi nafuma vitambaa vya makochi na vya meza hapa Morogoro, mwaka wa 14 sasa. Usiku nikishaweka sindano chini nasoma kwenye simu zile riwaya tulivu za Kiingereza: kijiji kidogo, maiti moja, damu huioni, na mpelelezi ni mtu wa kawaida tu mwenye jambo lake analolipenda. Huyu ana duka la nyuzi, yule anaoka keki, mwingine anauza chai. Zipo hadi zinazokuwekea mapishi mwishoni mwa kitabu. Nazipenda sana, ila za wafumaji nyingi zinanivunja moyo. Ufumaji umewekwa kama maua ya plastiki juu ya televisheni. Mnyang'anye yule mama sindano, mpe kuku afuge, kesi itaisha vilevile.

Sasa naandika ya kwangu. Mpelelezi ni mjane mfumaji, na ushahidi nimeutoa nyumbani kwetu. Mama alifariki kitambaa chake cha meza hakijaisha, mama mdogo akakimalizia. Wageni wanakisifia, wanaona ni kazi ya mtu mmoja. Mimi nikipitisha kidole najua mama aliishia wapi. Yeye alikuwa anakaza uzi, mama mdogo mkono wake mlegevu. Kuanzia mzunguko wa 19 matundu yanapanuka kidogo, na pembeni kitambaa hakilali, kinafanya mawimbi. Basi kwenye hadithi kuna mtu anaapa kwamba marehemu alikaa akifuma hadi usiku wa manane. Mjane anakishika kitambaa cha marehemu, mizunguko ya mwisho ni ya mkono mwingine, anajua si kweli.

Je, msomaji ambaye hajawahi kushika sindano atanielewa, au huu ni ushahidi wa sisi wafumaji peke yetu?

Kaunta_ya_Dawa

Dada, atakuelewa, mradi umfundishe kabla maiti haijapatikana. Angalia alivyofanya Agatha Christie. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akitengeneza dawa katika hospitali ya mjini kwao Torquay, Uingereza, na mwaka 1917 akafaulu mtihani wa kazi hiyo. Riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, ilitoka 1920, na mauaji yake yamesimama juu ya jambo dogo kabisa la kaunta. Dawa ya maji yenye striknini kidogo, ambayo ni sumu, ikichanganywa na bromidi, dawa ya kutuliza, striknini inajitenga na kutuama chini ya chupa. Mgonjwa anakunywa kila siku bila kudhurika. Dozi ya mwisho ndiyo inayoua. Muuaji simtaji, kasome mwenyewe.

Mimi kila siku namwambia mteja "tikisa chupa kabla ya kutumia", maneno yanatoka tu mdomoni. Nilipofika ukurasa ule nilifunga kitabu, nikaenda kuangalia chupa za rafu nzima. Na asiyejua dawa anaelewa pia, maana dawa ya kikohozi iliyotuama kila mtu ameiona. Nawe una bahati, kitambaa cha kochi kipo kila sebule.

Zamu_ya_Usiku

Mimi naomba pambo nalo mliheshimu. Nafanya kazi wodini usiku, vifo vya kweli naviona. Nikifungua kitabu nataka nikae jikoni kwa mtu, nimuone anapima unga, anasubiri hamira iumuke. Mjane wako afume hata siku ambayo hakuna kesi. Tafadhali dada, usimgeuze mashine ya ushahidi.

Mzee_wa_Kete

Binti yangu, salamu kutoka Unguja. Huku kwetu tuna mpelelezi Bwana Msa wa riwaya za Muhammed Said Abdulla tangu 1960, na kiko chake mdomoni. Nimemsoma mpaka kurasa zikachanika. Lakini kile kiko hakimfumbulii kitu, ni akili yake tu. Miaka yote hii nangoja mpelelezi mcheza bao.

Mpe mjane jirani wa namna hiyo. Bao lina kete 64. Kila mchezaji anaanza na 10 ubaoni na 22 za akiba, na wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza, kila zamu anaingiza moja. Akiba ikisha ndipo hatua ya pili, mtaji, inapoanza. Sasa marehemu kakutwa barazani, bao mbele yake, na kwenye akiba yake zimebaki kete 15. Maana yake kacheza zamu 7 basi. Halafu mpinzani wake anasema, "Nilimwacha mzima, tumeshaingia mtaji." Mchezaji yeyote hapo anainua kichwa.

Mfumaji_Moro

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma maneno yako nimesimama jikoni, chai ikamwagika.

Kaunta, ushauri wako nimeutumia leo hii. Sura ya kwanza sasa mjane anamfundisha binti wa jirani kufuma. Binti anakaza mno, sindano haipiti, mjane anamwambia, "Kila mkono una sauti yake, wako unapiga kelele." Anafumua mizunguko mitatu, wanaanza upya, kitambaa kinalala. Hakuna aliyekufa bado. Zamu_ya_Usiku, sura hiyo ni yako, wamekaa tu na wanakunywa uji.

Bao nalitaka, mzee, ila mimi silijui. Namfikiria babu wa yule binti, anahesabu kete kila anapozirudisha mfukoni. Nikishaandika nitakutumia unihakikishie hesabu. Na naomba kujua: mtu akitoka ghafla katikati ya mchezo, kete za akiba anaziacha wapi?

Mzee_wa_Kete

Marahaba. Mwenzangu wa kila siku huziacha kwenye kofia yake, kaipindua kando ya bao. Akiondoka bila kofia, hilo nalo liandike. Tuma sura.