Naomba ushauri: presi ya kujazia maganda marefu ya .375 H&H Magnum

Ndugu zangu, ninaishi Texas, Marekani, na ninaomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kujaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa ya .375 H&H Magnum, risasi ya tangu mwaka 1912 ambayo ganda lake tupu lina urefu wa milimita 72 na ushei. Ninachagua kati ya presi mbili (mashine za mkono za kukandamizia ganda): RCBS Rock Chucker Supreme na Redding Ultramag. Hii ya pili inanivutia kwa sababu viungo vya mkono wake vimeshikizwa juu ya fremu, na uwazi wake wa kupitishia ganda ni mrefu. Je, kwa mtu anayejaza maganda machache, tofauti hiyo inastahili bei yake?

Linalonisumbua zaidi ni ule mkanda wa kwenye kitako cha ganda, yaani ukingo mnene unaolizunguka. Dai (kalibu ya chuma inayorudisha ganda kwenye umbo lake) ikishushwa hadi iguse kishikio cha ganda, bega (pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingoni) linaweza kurudishwa nyuma kupita kiasi, na baada ya kujazwa mara kadhaa hutokea mstari unaong'aa juu kidogo ya mkanda, dalili kwamba ganda linakaribia kukatika. Ninyi mnapimaje bega ili lisukumwe kidogo tu? Na mafuta ya kulainisha mnayapaka hadi wapi, bila kuacha vibonyeo begani?